Mashine za burudani kando ya wanyama wa Kisumu: njia nne na jinsi ya kuchagua

Watoto wa Kisumu hupenda vitu viwili visivyokaa vizuri pamoja: kumwona chui ana kwa ana, na kupanda mashine inayowarusha juu hadi sauti iwakauke. Waliokulia huku wanazikumbuka mashine za maonyesho ya kilimo pale Mamboleo, foleni ndefu juani, vumbi, jenereta ikinguruma nyuma ya hema. Wengi wao pia waliletwa na walimu kwenye Hifadhi ya Impala, pale kando ya ziwa, wakiwa bado shule ya msingi. Haishangazi basi kwamba panapozungumzwa utalii wa magharibi mwa Kenya, mtu husimama na kuuliza: kwa nini tusiviunganishe? Tuweke gurudumu kubwa, tuweke rola kosta, yaani gari la reli linalopanda juu na kuporomoka kwa kasi, tuweke treni ya watoto, na tiketi moja ya langoni impe mtu vyote.

Swali hilo linastahili jibu la heshima. Hifadhi zinahitaji pesa, nyama ya simba hainunuliwi kwa maneno, na familia inayokuja Jumapili na watoto watatu inatafuta mahali pa kushinda, si pa kupita kwa saa moja. Mimi huongoza vikundi vya shule upande huu wa ziwa na wanyama hawa wako karibu sana na moyo wangu. Hata hivyo nimejitahidi kuzitendea haki njia zote nne zilizopo, kwa sababu anayesoma huenda ni mwakilishi wadi anayetakiwa kupiga kura, mwekezaji mwenye kipande cha ardhi, au mkazi aliyeitwa kutoa maoni bila kupewa la kulinganisha.

Vipimo kwanza

Kipimo cha kwanza cha kulinganishia njia hizi ni kelele na mtikisiko. Pasipo kizuizi, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kizio cha ukubwa wa sauti) kila umbali unapoongezeka maradufu. Tuseme mashine pamoja na mayowe ya abiria inatoa desibeli 90 ukisimama mita 10. Ukifika mita 20 utasikia 84, mita 40 ni 78, mita 80 ni 72, na hata ukiwa mita 320 bado ni 60. Kanuni za Kenya za kelele na mtikisiko za mwaka 2009 zinaruhusu desibeli 60 mchana katika eneo la biashara na 40 katika eneo la utulivu. Usiku, kuanzia saa mbili, kikomo ni 35. Tena vipimo hivyo vimetungwa kwa sikio la mtu. Vinazipunguzia uzito sauti nzito za mashine na havigusi kabisa sauti nyembamba sana, ilhali hata paka wa nyumbani husikia sauti nyembamba mara tatu kupita mwisho wa sikio letu.

Cha pili, na kwangu ndicho kinachobeba vingine vyote, ni mahali pa kukimbilia. Mnyama aliyeshtuka anahitaji kwenda mbali, kuingia kichakani, au angalau kukipa kinachomtisha kisogo. Swala pala akishtuka hutimua mbio. Akiugonga uzio anaweza kuvunjika shingo, na hata asipogonga, mbio za hofu zinaweza kuharibu misuli yake hadi akafa saa au siku kadhaa baadaye, wakati kila mtu ameshasahau kilichomkimbiza. Madaktari wa wanyamapori wanaijua vizuri hali hiyo kutokana na kazi ya kukamata na kuhamisha swala. Nzohe, swala wa vinamasi, yeye hujificha: huingia kwenye mafunjo na kuzama majini hadi pua tu zibaki juu. Chui aliye bandani hana mbio wala mafunjo. Ana chumba chake cha ndani, basi.

Vipimo vinne vilivyobaki nitavitaja kwa ufupi. Usiku na taa, kwa sababu kiboko hutoka majini kula nyasi jua likishazama, na chui huchangamka saa ambazo biashara ya burudani nayo huchangamka. Dharura, yaani stima ikipotea, mtu akikwama juu, au mnyama akitoroka. Pesa, za kujenga na za kutunza. Mwisho, kile ambacho mtoto anaondoka nacho kichwani.

Njia ya kwanza: mashine katikati ya makazi ya wanyama

Hii ndiyo inayoonekana kwenye video na kuwatia watu hamu. Kule Tampa, Florida, bustani ya Busch Gardens iliyofunguliwa mwaka 1959 ilizindua mwaka 2011 rola kosta inayoitwa Cheetah Hunt, kando kabisa ya makazi ya duma. Uingereza kuna Chessington, ambayo ilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1931 na kuongezewa uwanja wa mashine mwaka 1987. Disney nao walifungua Animal Kingdom mwaka 1998, na mwaka 2006 wakaiongezea mlima wa kutengenezwa wenye urefu wa takriban mita 60, na reli ndani yake.

Kwa kelele, wahandisi wamepiga hatua kubwa na ni haki kulisema hilo. Mihimili ya chuma hujazwa mchanga ili isivume kama pipa tupu. Magurudumu hufunikwa kwa mpira laini wa plastiki. Cheetah Hunt hurushwa kwa sumaku za umeme, kwa hiyo hakuna mnyororo unaogongagonga gari likivutwa juu. Lakini hakuna mchanga unaoweza kujazwa kwenye koo la mtoto. Mayowe ndiyo furaha yenyewe ya mashine hizo, na hutoka juu angani ambako ukuta wa chini hauyazuii.

Mahali pa kukimbilia ndipo njia hii inapohitaji kitu ambacho Kisumu hatuna. Animal Kingdom imekaa kwenye zaidi ya hekta 200, na mbuga yake ya swala na twiga iko mbali na ule mlima. Hifadhi ya Impala yote haifiki kilomita moja ya mraba. Ukiweka mashine kubwa popote ndani yake, rudi kwenye hesabu ya desibeli hapo juu uone kama kuna pembe inayosalimika.

Kwa usiku, mfano wa Disney unafundisha: katika bustani ile hawapigi fataki, na hata baluni haziuzwi, kwa ajili ya wanyama. Nidhamu ya namna hiyo inawezekana popote, ila inakula mapato ya jioni, na mwekezaji anapaswa kukubali hilo kabla ya kutia saini.

Dharura ndiyo inayoninyima usingizi. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Hebu piga picha abiria wamekwama juu ya zizi la fisi, giza linaingia, waokoaji wanaleta ngazi, taa na vipaza sauti, na chini yao kuna wanyama ambao lazima kwanza warudishwe mabandani. Haliko nje ya uwezo, lakini linataka jenereta iliyo tayari wakati wote, na jenereta ni kelele nyingine.

Pesa: hapa ndipo penye gharama kubwa zaidi na pia mvuto mkubwa zaidi. Mashine ya aina hii huagizwa ng'ambo, vipuri vyake vivyo hivyo, na hukaguliwa kila asubuhi kabla ya abiria wa kwanza. Isipojaa watu inageuka mzigo, na anayeanza kubaniwa matumizi huwa ni mnyama kwa sababu halalamiki. Kuhusu mtoto, ataondoka na kumbukumbu kubwa ya kasi. Duma atamkumbuka kama jina la mashine, isipokuwa pawe na mwongozaji anayemsimamisha kwa dakika kumi mbele ya mnyama mwenyewe.

Inamfaa nani? Anayeanza kwenye ardhi kubwa tupu, mwenye mtaji wa kusubiri miaka, na ambaye wanyama wake bado hawajaletwa, ili kila zizi lipangwe kwa kuzingatia kelele tangu mchoro wa kwanza.

Njia ya pili: mashine jirani, nje ya uzio

Mfano ulio wazi ni Columbus, Ohio. Bustani ya wanyama ya pale ilichukua uwanja wa burudani uliokuwa jirani yake, na mwaka 2008 ikaufungua upya kama bustani ya michezo ya maji, Zoombezi Bay. Mwenye mali ni mmoja, ila shughuli ni mbili na kila moja ina eneo lake. Familia inaweza kununua moja au zote.

Kelele katika njia hii zinategemea umbali, udongo na upepo, na Kisumu upepo ni somo zima. Jua linapopasha nchi kavu, hewa ya ziwani huvutwa kuelekea bara, na kwa kawaida mchana wote upepo hutoka ziwani kwenda mjini. Usiku hugeuka, ukatoka bara kwenda ziwani. Maana yake ni kwamba mashine zilizowekwa upande wa bara zitapelekewa kelele zake mbali na wanyama wakati wa mchana, na zikichelewa kufungwa, upepo uleule utawarudishia wanyama kelele hizo usiku. Zikiwekwa ufukweni, kati ya maji na mabanda, wanyama watazila kelele mchana kutwa. Kwa hiyo ramani nzuri ya kituo ni ile iliyochorwa na mtu aliyekaa pale saa nane mchana na akarudi saa mbili usiku. Wala tusisahau kwamba upande wa bara kuna watu: mayowe yanayoepushwa na swala yatafika mitaa kama Milimani au Nyalenda, na wenyeji wa huko nao wana haki ya kusikilizwa.

Kuna imani kwamba mstari wa miti utazuia sauti. Miti hupendeza na kuficha mashine isionekane, jambo linalomsaidia mnyama, lakini kwa sauti inapunguza kidogo sana isipokuwa ni msitu mnene wa makumi ya mita. Tuta la udongo lililo juu kuliko chanzo cha sauti linafanya kazi kubwa zaidi. Kwa hiyo mashine fupi, kama magari ya kugongana, bembea za kuzunguka na maporomoko ya maji ya watoto, zinalindika kwa tuta. Gurudumu la mita 30 halilindiki.

Mahali pa kukimbilia hubaki kama palivyokuwa, kwa kuwa hakuna kilichokatwa ndani ya hifadhi. Usiku unadhibitika kwa saa za kufunga. Dharura zinatengana pia: mtu akikwama angani hayuko juu ya fisi, na mnyama akitoroka kuna uzio mwingine kabla hajafika kwenye umati. Askari wa wanyamapori wafanye mazoezi na wasimamizi wa mashine, maana king'ora cha upande mmoja lazima kieleweke upande wa pili.

Kwa pesa, njia hii ina ugumu wa kibinadamu zaidi kuliko wa kihandisi. Ardhi karibu na ziwa ni ghali na ina wenyewe. Ufukwe nao hauaminiki: mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kiwango kilichoizidi rekodi ya miaka ya 1960, na mwaka 2024 likapanda tena, na watu wa Dunga, ufukwe wa wavuvi jirani na mji, waliona maji yakiingia vibandani. Anayemwaga zege la mashine pale alifikirie hilo. La pili ni mgawanyo wa mapato. Mashine zikiwa na mkataba wake na hifadhi ina wake, lazima iandikwe mapema ni sehemu gani ya tiketi inayokwenda kwa chakula na matibabu ya wanyama. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wanyama ndio wangekuwa wa kwanza kupotelewa.

Kwa mtoto, hii inamwachia mambo mawili tofauti na kila moja kwa ukamilifu wake. Walimu huipenda: asubuhi kwa wanyama wakati bado kuna ubaridi na wanyama wanaonekana, mchana kwenye mashine. Inaufaa mji wenye hifadhi ndogo tayari na kaunti yenye ardhi inayoweza kukodishwa kwa masharti makali.

Njia ya tatu: mashine tulivu pekee, ndani ya hifadhi

Hapa hakuna anayerushwa. Kuna treni ndogo ya umeme, vibanda vya kebo vinavyopita juu polepole, au daraja la mbao lililoinuliwa. Bustani ya wanyama ya San Diego ina kebo tangu mwaka 1969. Mfano unaonigusa zaidi ni Kolmården nchini Uswidi. Kwa miaka mingi wageni wa pale walipita kati ya wanyama wakiwa ndani ya magari yao. Mwaka 2011 magari yaliondolewa na wageni wakaanza kupita juu kwa kebo. Mashine ilikuja, kisha kelele na moshi vikapungua, kinyume kabisa na tunavyotarajia. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wenzangu wanaosema kila mashine ni adui.

Kelele za kebo hukusanyika kwenye vituo viwili vya mwanzo na mwisho, na hivyo vinaweza kuwekwa mbali na mabanda. Wakati wa ujenzi ni hadithi nyingine: mashimo ya nguzo, malori, nyundo. Miezi hiyo michache huenda ikaumiza kuliko miaka ya uendeshaji, na wanyama waoga wahamishwe kabla, si baada ya kuanza kugonga uzio.

Mahali pa kukimbilia panahitaji uangalifu ambao wachoraji husahau. Kwa tumbili na kwa watoto wa swala, kitu kinachopita juu na kivuli kinachotambaa chini ni tai. Wengine watazoea, wengine hawatazoea. Kebo isipite juu ya mahali mnyama anapolala au anaponyonyesha, na kila zizi libaki na kona isiyoonekana kutoka juu. Chui anayetazamwa kutoka pande nne na kutoka angani hana tena pa kuupumzisha uso wake.

Na tumbili wenyewe ni hoja. Wale wa Kisumu hawafungwi, wanakuja na kuondoka wapendavyo. Nimemtazama mmoja akishuka kwenye mti nyuma ya mtoto aliyekuwa ameshika andazi mgongoni ili wenzake wasilione. Alilitwaa kwa mkono mmoja, akapanda juu ya paa la basi, akalila akitutazama sote. Mpe tumbili huyo nguzo na nyaya na atakuwa kwenye kituo cha kebo kabla ya rangi kukauka. Swichi zifungwe kwenye makasha ya chuma, nyaya zifukiwe, chakula kisiuzwe karibu na vituo. Kwa bahati nzuri plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo ya hifadhi nchini tangu tarehe 5 Juni 2020, kwa hiyo soda za chupa za plastiki hazina nafasi humo kwa vyovyote.

Usiku hakuna tatizo, maana shughuli hufungwa pamoja na hifadhi saa kumi na mbili jioni. Dharura iko moja kubwa: radi. Mawingu ya bonde la Ziwa Victoria hayana mchezo alasiri, na kebo lazima isimame na watu washushwe kabla ya mvua, si wakati wa mvua. Siku nyingi hilo litakatisha biashara saa tisa.

Kwa pesa, kebo si rahisi hata kidogo. Treni ya umeme na madaraja ya mbao yanawezekana kwa mfuko wa kawaida. Mapato ni ya wastani, ila yanakaa ndani ya hifadhi. Mtoto hapigi mayowe, ananyooshea kidole. Nimeona kwamba mtoto anayenyooshea kidole huuliza maswali. Inazifaa hifadhi zenye wazee, watu wenye ulemavu na watoto wachanga wengi, ambao kutembea juani kote kule ni adhabu.

Njia ya nne: hakuna mashine kabisa

Mfano uko kwetu. Mbuga ya Kinamasi cha Saiwa, karibu na Kitale, ilitangazwa mwaka 1974 na haizidi kilomita tatu za mraba, mbuga ndogo kuliko zote za taifa nchini. Humo unatembea kwa miguu. Kuna njia za mbao juu ya matope na majukwaa ya kutazamia, na ukinyamaza alfajiri unaweza kumwona nzohe akitoka kwenye mafunjo. Ukiongea humwoni. Hiyo ndiyo bei ya kiingilio inayolipwa kwa ulimi.

Kelele, usiku, mahali pa kukimbilia: hapa njia hii haina mshindani. Dharura ni chache. Udhaifu wake ni pesa na umati. Mtoto wa miaka minne hawezi kunyamaza saa nzima, na familia nyingi hazitarudi mara ya pili. Inayafaa maeneo yenye wanyama waoga, na pia yale yanayopokea wanyama waliookolewa. Hifadhi ya Impala ilipotangazwa mwaka 1992 moja ya kazi zake ilikuwa hiyo: kuwapa hifadhi swala waliobaki kando ya mji na kupokea wanyama waliokuwa wakigongana na watu. Mnyama aliyekwisha kuteswa na mtego hahitaji rola kosta jirani.

Njia hii haimaanishi kuwanyima watoto mashine. Zinaweza kujengwa upande mwingine wa jiji kabisa, ambako watu wameshazoea umati na magari.

Sheria inagusa zote

Kwa katiba yetu, burudani za umma, bustani za kaunti na udhibiti wa kelele viko mikononi mwa kaunti. Wanyamapori wako chini ya KWS, shirika la taifa la wanyamapori, na sheria yao ya mwaka 2013. Tathmini ya athari kwa mazingira iko chini ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na sheria ya mwaka 1999. Mradi wa njia ya kwanza, ya pili au ya tatu unapita meza hizo zote. Mwekezaji anayeonyesha kibali cha meza moja tu bado hajafika.

Uchague ipi, kwa hali yako

Ukiwa na ardhi pana nje ya mji na bado huna hata mnyama mmoja, njia ya kwanza iweke mezani, ila ajiri daktari wa wanyamapori kabla ya mhandisi wa mashine. Ardhi ikiwa chini ya kilomita moja ya mraba, ipite na usirudi nyuma kuitazama.

Hifadhi yako ikiwa ndogo, iko mjini, na wanyama wameshaizoea, chaguo liko kati ya pili na tatu. Wageni wako wengi wakiwa familia za Jumapili zinazotaka kushinda, elekea ya pili, upande wa bara, mashine fupi nyuma ya tuta, mwisho saa kumi na mbili jioni. Wakiwa wengi ni shule na wazee, ya tatu itakulipa kwa muda mrefu zaidi, hata kama ni treni moja tu ya umeme.

Wanyama wako wakiwa waliookolewa, wagonjwa, au wale wa kujificha kama nzohe, baki na ya nne na utafute wafadhili kwa njia nyingine.

Kwa wenzetu wa Nakuru hali ni tofauti. Mbuga yao ina kilomita 188 za mraba na imezungushiwa uzio pande zote, kwa hiyo kifaru ana pa kwenda, lakini ziwa linalindwa kimataifa tangu mwaka 1990 na liko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2011. Mashine ndani ya mbuga sioni zikipita, na sidhani zinastahili kupita. Swali lao ni umbali gani kutoka uzio wa upande wa mjini. Flamingo wakishtushwa huruka kwa maelfu, na kila kuruka ni chakula kilichopotea. Hiyo ni njia ya pili kwa masharti ya ziada, juu ya mwinuko wa mji badala ya chini karibu na maji, ambayo kwa miaka hii kumi na zaidi yamekuwa yakipanda hadi kulizamisha lango la zamani la mbuga.

Ukiwa mzazi au mwalimu unayechagua tu pa kuwapeleka watoto, angalia mnyama mmoja kwa robo saa kabla ya kununua tiketi za wote. Akitembea kwenda na kurudi njia ileile bila kusimama, akikataa chakula, au masikio yakiwa yamelala nyuma kila mashine inapopita, peleka pesa zako kwingine na umwambie msimamizi sababu.

Na ukiwa mkazi uliyeitwa ukumbini kutoa maoni, omba karatasi nne kabla ya kusema ndiyo au hapana. Ya kwanza, vipimo vya kelele vya sasa, mchana na usiku, vilivyochukuliwa mlangoni mwa kila banda kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Ya pili, ramani ya mashine iliyochorwa pamoja na mwelekeo wa upepo. Ya tatu, mpango wa kuwashusha abiria stima ikipotea saa moja usiku. Ya nne, mkataba unaosema ni nani atakayelipia kuiondoa mashine iwapo wanyama watadhoofika, na ni daktari yupi mwenye mamlaka ya kusema wamedhoofika.